Mkono wa Kushushia

Kumvuta mtu kutoka shimoni si kazi. Naomba tuelewane hapo kwanza, vijana wangu, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakinisifia mabega. Kuvuta hata punda anavuta. Kazi ni kumshusha. Mtu unayemshusha ana uzito unaotaka kwenda wenyewe, na wewe huna la kufanya ila kuukatalia kidogo kidogo, mpaka miguu yake iguse chini bila yeye kujua imegusa saa ngapi.

Nilikaa kwenye winchi miaka ishirini na tisa, katika machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita. Mtu wa winchi ndiye anayekaa mdomoni mwa duara na kuwashusha wachimbaji kwa kamba, kisha kuwapandisha wao na mifuko yao ya mawe. Duara ni jina la shimo la kuingilia, ingawa mengi yana pembe nne kama choo cha shule. Msiniulize mimi, jina nililikuta lipo. Enzi zetu winchi ilikuwa gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, mpini wa chuma kila upande, na ukanda wa tairi kuukuu uliozungushwa kwenye gogo. Ukanda huo ndio uliokuwa breki. Ukiukaza, gogo linasita. Ukiulegeza, linazunguka. Huko kukaza na kulegeza ndiko kulikonilisha mimi na familia yangu.

Sasa nimestaafu. Niko nyumbani Ibadakuli, jirani na uwanja wa ndege, na bega la kulia haliinui hata kikombe cha chai. Nawaandikia ninyi wa miaka kumi na minne, kumi na sita, kumi na minane, mnaosoma haya kwenye simu huku kidole gumba kikitaka kukimbilia kwingine. Nina mtoto wa kiume, Masalu. Huu ni mwaka wa tatu hajakanyaga nyumbani, na hajakanyaga kwa sababu ya mkono wangu. Nitafika huko. Nikianzia huko nitaishia kulia tu, na machozi ya mzee hayamfundishi mtu kazi.

Aliyenifundisha winchi ni mzee mmoja kutoka Kahama, Ng'wandu, mtu mfupi, mwenye maneno machache na masikio makubwa. Siku ya kwanza aliniuliza, “Kamba unaisikia?”

Nikamjibu, “Naiona, mzee.”

“Sijakuuliza kama unaiona.”

Asubuhi nzima akanikalisha nimefumba macho, napitisha kamba kiganjani toka mwanzo hadi mwisho, nikitafuta nyuzi zilizoanza kukatika. Nilizipata tatu. Yeye alizipata saba, akazionyesha moja moja, kisha akaniambia niende nikanywe uji.

Kwenye breki alikuwa na mtindo ambao sijauona kwa mtu mwingine. Mimi nashika ukanda wa tairi, yeye anaweka mkono wake juu ya wangu, wote mzima, na tunamshusha mtu pamoja. Hivyo wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu akainua kidole chake kidogo, basi, hicho tu. Baadaye akainua cha pete. Nilikuwa naona aibu, mwanaume mzima nimeshikwa mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika a, e, i, o, u. Mwezi wa pili kilibaki kidole kimoja cha shahada, kimelala juu ya mkono wangu bila kubonyeza. Halafu siku moja nimemshusha mtu mpaka chini, nikageuka nimwulize mzee nimefanyaje, nikamwona kule kwa mama wa chai, mbali, anapuliza kikombe chake.

Nilimfuata karibu nilie. “Mzee, umeniacha peke yangu tangu lini?”

“Tangu juzi, ng'wanawane,” akasema, yaani mwanangu. “Kidole cha mwisho huwa hakiagi.”

Tulikuwa na desturi pale. Mtu yeyote kabla hajashuka hugusa kwanza mpini wa winchi, ndipo aishike kamba, na anasema, “Nishike.” Mtu wa winchi anajibu, “Nimekushika.” Bila jibu hilo hakuna anayetoa mguu ukingoni, hata awe mwenye shimo. Wengine walikuwa wanasali kwa Kiislamu, wengine kwa Kikristo, wengine walikuwa na mambo yao ya kimila waliyokuja nayo kutoka kwao, lakini neno hilo lilikuwa la wote.

Sasa niwachekeshe kidogo, maana mbele hakuchekeshi. Mwezi wa tatu wa kazi akaja msimamizi mpya, mnene, buti mpya zinanukia duka. Akataka kushuka akaone mwamba. “Nishike,” akasema. “Nimekushika,” nikajibu kwa sauti ya kiume kabisa, na nikataka kumwonyesha kwamba mkono wangu ni mwepesi. Nikamshusha kwa mbwembwe. Mita tatu za mwisho ukanda ukateleza, jamaa akatua kwenye tope mpaka kwenye mkanda wa suruali. Kisha sauti ikapanda kutoka chini, ya upole, kama ya mtu anayeuliza njia: “Wewe kijana, ulisema umenishika?”

Machimbo yote yalicheka wiki nzima. Nikapewa jina la Parachuti, na jina hilo nilikuja kuondoka nalo. Ng'wandu peke yake hakucheka. Hakunitukana, hakunifukuza. Kesho yake alfajiri alikuja akakaa mahali pake pa zamani, akaweka mkono wake wote juu ya mkono wangu, na tukaanza upya kama watu tusiojuana. Nilidhani ni adhabu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alichokuwa ananipa hakikuwa adhabu, na nilipoelewa nilikuwa nimeshachelewa.

Huyo huyo Ng'wandu alipenda pombe. Nasema alipenda kweli, si kwamba alikuwa anaonja. Lakini Jumamosi jioni, kabla hajaenda kilabuni, alikuwa anachomoa pini ya chuma inayoshikilia mpini wa winchi na kumpelekea yule mama wa chai, Mama Shija, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. “Nikija kuidai kabla ya Jumatatu,” alimwambia, “hata nikilia, usinipe.” Na alikuja. Nilimwona kwa macho yangu Jumapili moja amesimama pale anayumba, anamwita Mama Shija majina mazuri, anataka pini yake akashushe watu wanaongoja riziki. Mama Shija akampa chai. Jumatatu nilimwuliza kama haoni aibu. Akasema, “Aibu ya kuomba pini ni ndogo kuliko ya kumwangusha mtu. Nimezipima zote mbili.” Vijana wengi mnadhani kujizuia ni nguvu. Yule mzee hakuwa na nguvu hata kidogo mbele ya kibuyu. Alijijua tu, na akajijua mapema, siku ambayo kichwa kilikuwa bado chake.

Yapo mambo mengine ya kazi ambayo siwezi kuyaacha. Mkono wenye jasho usiupanguse kwenye suruali, upake majivu makavu. Kamba usiianike juani mchana kutwa, inakuwa ngumu na kudanganya. Usishibe ugali halafu ukakaa kwenye breki, usingizi wa mchana hauna hodi. Mvuto mmoja wa kamba kutoka chini ni simama, miwili ni pandisha, mitatu ni shusha, na mvuto usioeleweka ni simama vilevile. Mtu anayeshusha hasemeshwi. Hata kama mke wake amejifungua, mnangoja miguu iguse chini ndipo mpige vigelegele.

Kisha ikaja mashine. Mota, waya wa chuma, na breki ya mkono iliyokuwa fimbo ndefu yenye mpira mwekundu. Watu wakapanda na kushuka upesi, na vijana wa winchi wakaanza kufanya kazi wakiwa na muziki masikioni. Siwasemi vibaya, mgongo wangu uliipenda mota kuliko wao. Ila ile fimbo haikuwa na utani. Ukiiachia, haitelezi kidogo kama tairi. Inaachia yote.

Basi, nimefika.

Masalu alizaliwa nikiwa machimboni na akakua nikiwa machimboni. Nilikuwa narudi Ibadakuli mara moja kwa mwezi, mgeni ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nakaribishwa kiti. Alikuwa kidato cha tatu mama yake aliponipigia. Mama Masalu si mtu wa kelele. Alisema, “Baba Masalu, njoo umwone mwanao. Anakula akiwa hayupo.”

Ugonjwa wake ulikuwa ule mchezo wa simu wa kandege. Ninyi mnaujua kuliko mimi. Kandege kanapaa, na kadiri kanavyopaa ndivyo dau lako linavyonona, na inabidi ubonyeze utoke kabla hakajatoweka. Kakitoweka ukiwa bado umo, huna chako. Halafu kanaanza tena, kabla hujameza mate. Alikuwa ameshauza baiskeli, ameuza redio ya mama yake, ameuza viatu vya shule na kumwambia mwalimu vimeibwa. Lakini vitu havikuniogopesha. Kilichoniogopesha ni kidole gumba. Tulikaa kula, simu haipo, na kidole gumba chake cha kulia kikawa kinagonga ukingo wa sahani, kinagonga, kinagonga, na mwenyewe hana habari.

Nikamchukua nikaenda naye Geita. Watu wakasema samaki mkunje angali mbichi, nami nikaenda kukunja. Simu yake nikaifungia kwenye sanduku langu la bati, ufunguo nikauvaa shingoni. Wiki mbili za kwanza sitaki kuzikumbuka. Alitoka jasho, hakulala, alinitazama kama mwizi wake. Wiki ya nne akaanza kula. Mwezi wa pili akacheka, nikageuka kutazama nani anacheka. Kidole kikaacha kugonga sahani. Nikaanza kujisifu kwa watu, namwambia kila anayenunua sigara kwenye duka la machimboni kwamba malezi ni ufunguo, na naushika ufunguo wenyewe nawaonyesha.

Kitu kingine nilichofanya ni kumfundisha winchi. Sheria inakataza mtu wa miaka kumi na saba kukaa pale, nami nilijua, tena nilijua vizuri. Lakini nilitaka awe karibu yangu, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Mkono wangu juu ya mkono wake kwenye ile fimbo, kisha kidole kimoja kinatoka, kisha kingine. Alikuwa na mkono mzuri kunishinda. Shija, yule mtoto wa mama wa chai, alikuwa sasa ni kijana wa kuchimba mwenye miaka ishirini na kitu, na alikuwa anasema, “Nikishushwa na huyu dogo sijui kama nashuka. Najikuta tu nimefika.”

Siku moja tunakula karanga, Masalu akaanza kunisimulia mwenyewe, bila kuulizwa.

“Baba, watu wanadhani napenda kushinda. Nikishinda sisikii kitu. Ni pale kanapopanda. Kakiwa kanapanda hakuna shule, hakuna mama, hakuna mimi.”

“Na kwa nini hubonyezi ukatoka?”

“Najua pa kutokea. Kabisa, napaona. Mkono ndio haushuki.”

Nilimwambia mambo ya kumcha Mungu na kufanya kazi kwa bidii. Yalikuwa maneno mazuri. Mtoto alikuwa amenieleza ugonjwa wake kwa lugha ya kazi yangu mwenyewe, neno kwa neno, nami nikamjibu kama mtangazaji wa redio.

Mwezi wa tano bega langu likagoma. Ikabidi niende hospitali ya Kolandoto, wiki mbili. Asubuhi ya safari nikafungua sanduku, nikatoa simu, nikampa. Hakunyoosha mkono.

“Kaa nayo tu, baba.”

“Sasa nitakupataje nikiwa kule?”

“Nitaongea kwa simu ya Hamisi.” Hamisi alikuwa mwenzangu wa winchi, mtu wa Kigoma, ndiye niliyekuwa namwachia mwanangu. “Ukirudi tuanze taratibu. Unanipa nusu saa, wewe umekaa hapa. Halafu unachukua. Kesho tena. Kama ulivyonifanyia kwenye breki.”

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ubavu. “Simu inagawanywa kama muwa? Wewe umepona, bwana. Wewe ni mwanaume sasa.”

“Sijapona, baba. Nimefungiwa tu.”

Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikamtumbukizia simu kwenye mfuko wa shati, nikaupiga mfuko kwa kiganja mara mbili, kama mtu anayefunga mzigo, nikaondoka. Kwa simu hiyo, miezi minne na zaidi sikuwa nimeinua hata kidole kimoja, halafu nikainua mkono wote kwa mara moja. Nilikuwa nimeufundisha mkono wake winchi nikasahau kwamba ni mkono uleule.

Siku ya tisa, mchana, Hamisi alitaka kwenda kuswali adhuhuri. Hamkosei mkimlaumu Hamisi, lakini mimi simlaumu. Alikuwa amemwona Masalu akishusha watu miezi mingi bila hata kumkwaruza mmoja. Akamwambia, nishikie kidogo. Shija akaja na nyundo yake, akagusa winchi, akashika waya. “Nishike.” “Nimekushika.” Akashuka.

Masalu alikuwa na mkono wa kushoto kwenye fimbo ya breki na simu mkono wa kulia, kandege kanapanda. Waliokuwa karibu wanasema hakuiachia breki kwa makusudi, na mimi naamini. Simu ilitaka kumponyoka. Akaidaka kwa mikono miwili.

Hakufa Shija. Mgongo ulivunjika, na miguu yake haijarudi. Masalu ndiye aliyempakata kichwa kwenye gari mpaka hospitali, na inasemekana njia nzima alikuwa anarudia kumwambia “Nimekushika, nimekushika,” mpaka wauguzi wakambandua.

Nilifika kesho yake. Nilimkuta amekaa nje ya wodi, chini, shati lina damu ya mwenzake, na simu imo mfukoni, palepale nilipoiweka. Hebu kumbukeni Ng'wandu alinifanya nini nilipomwangusha msimamizi. Mimi nilikumbuka? Sikukumbuka. Niliitoa ile simu, nikaiweka juu ya jiwe, nikaiponda kwa jiwe lingine mbele ya watu, na watu wakatikisa vichwa, wakasema naam, huyo ndiye baba. Masalu aliutazama unga wa kioo. Akasema maneno mawili tu.

“Nilikuomba, baba.”

Akainuka, akatembea mpaka kwenye geti, akatoka. Nilidhani anakwenda kunawa.

Wakaguzi walikuja, mimi na mwenye shimo tukajibu tulichotakiwa kujibu, na ilikuwa haki. Shimo likafungwa. Pale machimboni watu wakaacha kuniita Baba Masalu. Hakuna aliyetangaza, waliacha tu, wakarudia jina la zamani, Parachuti, na hata hilo wakalisema kwa sauti ya chini. Mtu mmoja tu ndiye aliyeendelea kuniita kwa jina la mwanangu, naye ni Shija.

Shija anaishi Kolandoto sasa na mama yake, karibu na hospitali. Nakwenda kila Jumamosi. Namgeuza, namnyoa ndevu, tunasikiliza mpira. Mama Shija hajawahi kunisemesha tangu siku ile. Ananiwekea kiti na kuondoka. Yule mama aliyeweza kumnyima pini mlevi mzima bila kumvunjia heshima, kwangu mimi amekosa neno, na simdai.

Masalu hupiga simu mara moja moja, kila mara kwa namba ngeni. Alianzia Kahama, akaenda Singida, sasa yuko Chunya, anaosha mchanga wa dhahabu. Husema ameacha. Baada ya miezi anasema amerudia. Kisha ameacha tena. Mwanzoni nilikuwa namwuliza, “Umeacha kweli?” kwa sauti ya hakimu, na simu inakatika. Nimejifunza kuuliza amekula nini.

Wiki iliyopita alipiga mchana. Nilikuwa uani, ndege inatua hapo uwanjani, siwezi kusikia vizuri. Nikamwambia angoje ipite. Akangoja. Ndege ilipozima kelele zake nikamsikia anapumua.

“Baba.”

“Naam.”

“Nishike.”

Miaka ishirini na tisa nimejibu neno hilo. Ulimi ulijibu kabla yangu. “Nimekushika, mwanangu.” Akalia, nami nikalia, kisha salio likaisha, lake au langu sijui. Nikaingia ndani nimejaa furaha ya kijinga. Nilimwambia mama yake, nikawaambia majirani.

Jumamosi nikamwambia Shija. Alikuwa ametulia, nimempaka sabuni shavu moja. Alingoja nimalize shavu la pili.

“Hata mimi alinijibu, Baba Masalu,” akasema. “Siku ile. Alinijibu vizuri kabisa, sauti nzuri tu. Mkono ndio haukuwepo.”

Niliweka wembe chini.

“Sisemi kwa ubaya,” akasema Shija. “Nasema, mfuate. Huyo dogo hajawahi kuwa na mkono mbaya. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma.”

“Wabeja, Shija,” nikamshukuru kwa Kisukuma, nikaokota wembe.

Nilipotoka, Mama Shija alikuwa mlangoni na kifurushi cha matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha, vimefungwa kwenye khanga safi. Alinipa bila kunitazama. Hakusema ni vya nani. Vilikuwa vingi mno kwa mtu mmoja.

Ndiyo maana nawaandikia leo, vijana wangu, kesho sipo. Kama una kandege kako, au kichupa chako, au chochote kile ambacho mkono wako hauwezi kukishusha, usingoje uwe na nguvu. Peleka pini kwa mtu saa ambayo kichwa bado ni chako. Ukimwomba baba yako nusu saa nusu saa naye akacheka, usikubali kicheko chake, nenda kwa shangazi, nenda kwa mwalimu, omba tena. Masalu aliomba mara moja tu kwa sababu alimheshimu baba yake. Natamani angenikosea heshima asubuhi ile.

Ufunguo wa sanduku nimeuvua shingoni, nimeuacha mezani. Umeacha alama ya duara kifuani, nyeupe, na Mama Masalu ameipaka mafuta. Kwenye mfuko nina matobolwa, shati moja, na simu mpya ya Masalu, imezimwa. Tutaanza na dakika kumi, tumekaa pamoja, mkono wangu wa kushoto juu ya wake, maana wa kulia hauinuki. Akiteleza tutaanza upya. Nimemwomba mwenye nyumba wa kule Chunya chumba cha watu wawili, na sijamwambia tutakaa hadi lini.

Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mdomo nilishamjibu. Kesho naupeleka mkono.